Keki ilinadiwa laki nane, mimi nikapewa cheti

USIOMBE yakukute! Umesimama nyuma ya pazia la jikoni, aproni imelowa jasho, vidole vinanuka kitunguu, huku ukumbini mshereheshaji anapiga kelele kwenye kipaza sauti: "Laki tano! Laki sita! Nani anaongeza hapo?" Kinachonadiwa ni keki yako. Mayai ulipasua wewe, ngano ulinunua wewe, usiku hukulala wewe. Inafika laki nane, vigelegele vinalipuka, kigogo mmoja anapigwa picha ameshika kisu. Halafu na wewe unaitwa mbele, unakabidhiwa karatasi ngumu yenye maua pembeni, jina lako limekosewa herufi moja. Unashikana mikono na waheshimiwa, unarudi jikoni kuosha masufuria.

Hayo yalinikuta mimi, Butiama, Julai 2023. Nitakusimulia yote mpenzi msomaji, lakini kwanza nikwambie mimi ni nani, maana najua umeshaanza kujiuliza.

Mimi ni mpishi wa kukodiwa. Sina hoteli, sina mgahawa, hata kibanda sina. Nina visu vitano nimevifunga kwenye kitambaa, masufuria mawili makubwa, karai, miiko na simu. Ukipata wageni pale Musoma, Bunda au Butiama unanipigia, nakuja jikoni kwako, napika, mnajichana, naosha vyombo, naondoka. Mtaani wananiita Shefu. Wengine wananiita kwa heshima, wengine wananicheka. Nimeshazoea, naitika yote mawili.

KIPUPWE NDIO MSIMU WETU

Watu wa Dar wanafikiri huku kwetu ni jua na vumbi mwaka mzima. Thubutu! Ziwa Victoria lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Butiama imepanda juu kidogo kuliko ziwa. Ikishaingia Juni mpaka Agosti, jioni upepo unavuma, wazee wanatoa makoti makabatini, na ghafla kila mtu anataka kukaa ndani na wenzake wale kitu cha moto. Ndipo simu yangu inapoanza kulia.

Mstaafu wa Bunda anaalika wenzake wanane waliofanya naye kazi. Familia ya Musoma imepata watoto wao kutoka Dar kwa likizo, mama mwenye nyumba hataki kushinda jikoni. Wengine wana wageni wa kizungu wanaokwenda Serengeti kwa lango la Ndabaka, lile lililo karibu na Bunda, maana mwezi Juni nyumbu wanakuwa upande huo wa magharibi. Mzungu ameshaona mamba kwenye picha, sasa anataka aonje samaki wa ziwani kabla hajaingia porini.

Siku ya kazi inaanza saa kumi na moja alfajiri pale Mwigobero, mitumbwi inapotia nanga. Kwenye samaki sibahatishi. Nafunua matamvua, nataka yawe mekundu. Naangalia jicho, nataka ling'ae na limevimba. Nabonyeza mgongo kwa kidole, nyama inatakiwa irudi yenyewe. Muuzaji akianza kuniita "kaka yangu, kaka yangu" kabla sijashika samaki, najua huyo samaki ni wa jana.

Na bei ya samaki ina wakubwa wake wawili, upepo na mwezi. Kipupwe kikivuma ziwa linachafuka, wavuvi wengine hawatoki. Dagaa nao wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu, taa ya mvuvi haiwavuti, dagaa wanakuwa adimu na bei inaruka. Mteja wa mjini hayajui hayo. Yeye anakwambia tu: "Mbona juzi ulininunulia kwa nusu?"

Kabla ya kupanga chakula nauliza maswali kama polisi. Wageni wangapi? Kuna Waislamu? Basi mbuzi achinjwe na Mwislamu, na mimi mwenyewe niwepo nione. Kuna Wasabato? Mkoa wetu unao wengi, na Msabato hagusi nguruwe wala samaki asiye na magamba, kwa hiyo kambale anakaa pembeni, sato anaingia. Kuna mzee wa sukari? Kuna asiyekula pilipili? Ukikosea moja tu, nyumba nzima itakusema mpaka Krismasi.

Jiko nalo ni kasheshe lake. Nyumba kubwa, geti la umeme, mbwa wawili, lakini ukifika jikoni unakuta jiko la plate nne linalowaka plate moja na kisu hakikati hata nyanya. Ndiyo maana nabeba visu vyangu. Umeme ukikatika nyama ikiwa kwenye oveni, nahamia nje kwenye mkaa, naendelea kama hakuna kilichotokea. Mgeni ndani haruhusiwi kujua kwamba nyuma ya nyumba kuna mtu anapepea jiko kwa mfuniko wa ndoo.

Na kwa kukujulisha tu, mpishi hali. Mpishi anaonja. Kijiko kimoja hapa, nusu pale, chumvi imetosha, haijatosha. Wageni wakishiba saa tano usiku, mimi nina vijiko ishirini tumboni na njaa ya siku nzima. Nikirudi chumbani kwangu Nyasho nasonga ugali wangu wa mhogo, natia dagaa, nakula nimesimama.

"MWANAUME MZIMA!"

Mama yangu alikuwa anauza chai na maandazi pale Bunda, wasafiri wa Mwanza na wa Sirari wanamfahamu. Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza, sina dada, kwa hiyo kazi ya kukanda ngano saa kumi usiku ilikuwa yangu. Nikaipenda. Ndiyo, naandika bila haya, niliipenda. Ngano ikikubali mkononi, ikawa laini kama shavu la mtoto, nilijisikia mtu wa maana kuliko nilivyojisikia darasani.

Baba alikuwa mvuvi. Mtu wa ziwa hasa, mikono yake imekatwakatwa na nyuzi za nyavu. Kwake yeye mwanaume anaingia jikoni kufuata kijinga cha kuwashia sigara, basi. Nilipokwenda Mwanza nikaanza kuosha vyombo hotelini, kisha nikapandishwa kukata mboga, kisha nikashika jiko, baba akawa anawaambia wenzake kwamba mimi "niko kwenye mambo ya hoteli". Wao wakaelewa kwamba mimi ni karani. Hakuwasahihisha.

Siku niliporudi Mara na kumwambia kwamba sasa najitegemea, nazunguka kupika majumbani, alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, kupika si kazi. Kazi ni kitu unakifanya, mtu anakulipa. Mama zenu wanapika toka dunia iumbwe, nani amewahi kuwalipa?"

Sikumjibu, baba hajibiwi. Lakini moyoni nilisema: mzee amesahau. Miezi ile ziwa lilipokataa, ada yangu ya shule ilitoka kwenye karai la maandazi.

MNUSO WENYEWE

Sasa turudi Butiama.

Nilipigiwa simu na mama mmoja wa kamati. Shikamoo, marahaba, habari za kazi. Akasema wanaandaa hafla ya kuonja vyakula vya Mara, chakula cha hisani, fedha zote zinakwenda kununua madawati ya shule ya msingi ambayo watoto wake walikuwa wanakaa chini. Wageni themanini. Kiingilio kwa kadi, halafu kila meza ina kisanduku chake, ukipenda ulichoonja unatumbukiza noti. Mwisho kabisa keki ya kunadi.

"Tumeambiwa wewe ndiye unayejua," akasema. Sifa bwana, zinalewesha kuliko bia! Nikauliza habari ya malipo. Akasema, "Mdogo wangu, hayo tutaelewana, hii ni kazi ya Mungu." Mimi nikasikia "tutaelewana". Nadhani yeye alikuwa amesema "ya Mungu".

Nikapiga hesabu ya vitu ikaja shilingi 640,000. Wakatuma 250,000, zilizobaki "baadaye". Nikachukua 390,000 kwenye fedha niliyokuwa nimeweka ya kodi ya chumba, nikanunua vitu. Najua unachosema, msomaji. Nilishajisema mwenyewe vya kutosha.

Nikatafuta wasaidizi wawili. Mmoja dogo wa mtaani anayejifunza kwangu, mwingine mama wa Nyasho ambaye kwa kumenya na kukatakata hana mpinzani. Tukakubaliana elfu ishirini kila mmoja. Tukakodi Noah, tukapakia masufuria, tukashika barabara ya lami, pale Makutano tukakunja kwenda Butiama.

Tulifika mapema. Nikawaacha wenzangu wanashusha vyombo, nikaenda Mwitongo mara moja, kule kwenye mawe makubwa alikozikwa Mwalimu Nyerere. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, alipoacha urais mwaka 1985 alirudi hapo hapo kulima, na alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999 akaletwa kuzikwa kwao, karibu na wazazi wake. Kila nikiwa na kazi Butiama napita pale. Huwa sisemi kitu, nasimama tu. Siku hiyo nilisimama nikafikiria ile kaulimbiu ya TANU tuliyofundishwa shuleni, Uhuru na Kazi. Nikajiambia haya kijana, kazini.

Na tulifanya kazi! Dagaa tuliwakaanga wakakauka, tukawapanga juu ya vipande vya ndizi na kamulio la limao. Sato tulimbanika. Vichwa vya sangara tukavifanya supu yenye tangawizi, tukaigawa kwenye vikombe vidogo. Mnajua sangara, si samaki wa asili wa ziwa letu, aliletwa miaka ya 1950 na 1960, na minofu yake inapanda ndege kwenda Ulaya. Kichwa kinabaki na sisi, na mimi nakwambia aliyekula minofu hajui alichoacha. Tukatengeneza ugali wa mhogo na mtama, ule mweusi, tonge ndogo ndogo pamoja na mlenda. Tukaweka kichuri, nyama ya Wakurya yenye uchungu wake wa makusudi. Tukamalizia na uji wa ulezi wa moto, maana baridi ilikuwa inauma.

Ukumbi ulipendeza, usipime. Wenye suti walikuwepo, wenye vitenge vya kung'aa walikuwepo, na wazamiaji wawili watatu walikuwepo, hao hawakosekani. Binti mmoja wa Dar alishika tonge ya ugali mweusi kwa vidole viwili kama anashika mjusi. Akaonja. Akarudi mara nne! Mara ya nne akaja mpaka jikoni kuuliza ule unga unauzwa wapi. Mzee mmoja alikunywa uji wa ulezi akanyamaza, kisha akaniambia hajanywa uji wa namna ile tangu mama yake afariki. Akatumbukiza noti ya elfu kumi kwenye kisanduku, akatoka nje peke yake.

Nataka uelewe kwamba nilikuwa na furaha. Kama hadithi ingeishia hapo, nisingeandika.

"MPISHI WETU AMEJITOLEA"

Keki ikanadiwa, kama nilivyokwambia. Jumla ya makusanyo ikatangazwa, milioni tatu na ushee. Halafu mshereheshaji akashukuru. Akashukuru mgeni rasmi, akashukuru kamati, akasema, "Na mpishi wetu, jamani, amejitolea! Kila kitu mlichokula leo, kijana huyu amejitolea!" Makofi. Nikavutwa mbele, nikapewa cheti.

Nimejitolea? Lini?

Nilibaki nimetabasamu kama sanamu. Utasema nini? Utashika kipaza sauti mbele ya watu themanini waliochangia madawati, useme mimi sijajitolea, nadai? Utaonekana mchawi. Nikatabasamu, wakapiga picha.

Wakati wa kupakia vyombo ndipo nilipoanza kuulizauliza. Wenye ukumbi walilipwa. Wapiga muziki walilipwa. Viti na maturubai vilikodiwa kwa fedha taslimu. Mpiga picha alilipwa, mshereheshaji alilipwa kabla hajashika kipaza sauti. Jenereta lilinunuliwa mafuta. Mtu pekee aliyejitolea usiku ule alikuwa hajaulizwa. Na zile 390,000 je? Mama wa kamati akanishika bega, akasema kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, si tulisema ni ya Mungu?"

Kwenye Noah, giza, baridi, masufuria yanagongana nyuma. Yule mama wa Nyasho akasubiri mpaka tulipotoka kwenye barabara kuu. Akasema taratibu, "Mwanangu, ile yetu?" Mfukoni nilikuwa na shilingi elfu kumi na moja. Nikamwambia ukweli. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa ameacha mtoto mgonjwa kwa jirani ili aje amenye vitunguu vyangu. Akauliza tu, "Hicho cheti, ndani yake kuna nini?" Nikasema hakuna kitu mama, ni karatasi. Akasema, "Aa," akageukia dirishani.

Asubuhi yake nilikwenda Mwigobero, si kununua samaki, kukopa. Muuzaji wangu, yule yule anayeniuzia wa jana kwa jina la ndugu, alinipa elfu arobaini bila kuuliza. Nikawalipa wenzangu wote wawili. Kodi ya chumba nikailipa kwa kuchelewa, na mwenye nyumba alinifanyia kizaazaa ambacho hakifai kuandikwa gazetini.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Bunda kuwasalimia wazazi. Mama akakiona cheti, akafurahi, akataka kukitundika ukutani. Baba akakisoma chote, mpaka ile herufi iliyokosewa. Akauliza swali moja, "Walikulipa?" Nikanyamaza. Akanirudishia karatasi yangu.

Hakusema "nilikwambia". Hakuwa na haja.

MOYO WANGU HAUKUULIZWA

Nimelifikiria jambo hili sana, hasa usiku nikiwa nakula ugali wangu nimesimama. Ile kamati si wezi. Madawati yalinunuliwa, niliyaona kwa macho yangu, watoto wamekaa wamebanana wanaandika. Kila nikipita njia ile najisikia vizuri. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na mimi nakubaliana nao kabisa. Ila wahenga hawakusema moyo wa nani. Wangu haukuulizwa.

Na kilichonishtua zaidi ni hiki. Wale wakubwa wa kamati, wenye magari na elimu zao, walikuwa wanafikiri kitu kile kile anachofikiri baba yangu mvuvi, kwamba kupika si kazi. Mpiga muziki akipiga ni kazi. Mwenye viti akileta viti ni biashara. Lakini anayepika anaonekana kama mama nyumbani, chakula kinatoka tu, kama maji ya mvua. Hakuna anayefikiri kwamba kuna mtu aliamka saa kumi na moja. Na mimi kwa kunyamaza kwangu, kwa kupenda sifa, niliwasaidia kufikiri hivyo. Na kibaya zaidi, nikataka kumfanyia hivyo hivyo yule mama wa Nyasho.

Mwalimu alihubiri miaka nenda miaka rudi kwamba mtu ale kwa jasho lake, na kuishi kwa jasho la mwenzako akakuita unyonyaji. Azimio la Arusha la mwaka 1967 limejaa habari hiyo. Mimi nikaenda kunyonywa kijijini kwake mwenyewe, huku natabasamu!

SIMU YA PILI

Septemba mwaka ule ule simu ikalia. Mama wa kamati. Wiki ya kumbukumbu ya Mwalimu, Oktoba, wanataka tena hafla ya kuonja. Moyo ulinidunda, nakwambia kweli. Nikasema, "Shikamoo mama. Nitafurahi kuja. Bei yangu ni hii." Nikaitaja. Vitu mbali, wasaidizi mbali, usafiri mbali, na nusu nipewe kabla sijanunua hata kitunguu.

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Mdogo wangu, umebadilika."

"Hapana mama, ila mara ile sikusema."

Kimya tena. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea: "Lakini sisi tulijua wewe unapenda tu kupika."

"Napenda mama. Hata mpiga muziki anapenda kupiga."

Alicheka. Bwana, alicheka mpaka akakohoa! Akaniambia nimwandikie kwenye karatasi apeleke kwenye kikao, kwa sababu, na haya ni maneno yake, hakuna mpishi aliyewahi kuwaandikia bei, kila mwaka wanakadiria tu. Baada ya siku nne kianzio kikaingia kwenye simu.

Nikapika. Na siku ya hafla nilimfuata mweka hazina nikamkabidhi shilingi elfu hamsini, mchango wangu wa madawati, kwa hiari yangu, kutoka kwenye mfuko wangu. Walipokuwa wanasoma orodha ya wachangiaji, mimi nikasomwa, baada ya tajiri mmoja wa mabondo ya sangara na kabla ya mwalimu mkuu. Jina limekamilika, herufi zote. Sikupewa cheti. Usiku ule nililala kama mtoto.

Sikudanganyi kwamba tangu hapo mambo ni mteremko. Nimepoteza wateja. Wapo waliosema naringa, wapo waliompata wa bei poa. Kipupwe kingine simu inalia mara mbili tu kwa wiki, nami nabaki kunoa visu visivyokata kitu. Lakini wale wanaonipigia sasa wanauliza kwanza, "Shefu, bei gani?" Swali hilo dogo, kwangu ni tamu kuliko sifa zote za ukumbini.

Kwa hiyo wewe kijana unayesoma hapa, uwe mpishi, mshonaji, msusi au mpamba kumbi, nina la kukwambia. Wakija na neno hisani, usikimbie, na usikubali kwa aibu. Kaa chini, andika gharama zako, taja bei. Kisha ukitaka kutoa, toa, punguza hata yote, lakini wewe uwe ndiye uliyesema. Msaidizi wako mlipe kwanza kabla hujajilipa, maana yeye hakuahidi Mungu wala kamati, alikuahidi wewe. Na mkono mtupu haulambwi, hata ukiwa na cheti ndani yake.

Namalizia na baba.

Julai 2024 kulikuwa na baridi kali, mama akaenda msibani Kibara, baba akabaki Bunda peke yake na kifua kimembana. Nikaenda. Nikamkuta amejifunika blanketi barazani, jiko limezimika tangu jana yake. Sikuuliza kitu. Nikachukua kisu changu, nikapara sato, nikachemsha supu ya tangawizi na ndimu, nikasonga ugali wa mhogo na mtama. Nikamnawisha mikono, nikamtengea.

Alikula bila kusema neno. Mvuvi wa miaka arobaini, alikula yule sato mpaka mifupa ikabaki meupe, akainua bakuli akanywa supu yote. Akatulia. Akapitisha mkono chini ya blanketi, akapekua mfuko wa shati, akauliza bila kunitazama, "Watu wa mjini wanakulipaga shilingi ngapi kwa hii?"

Nikamwambia bei. Ya kweli, sikupunguza.

Akapiga mbinja. Akatoa noti ya elfu mbili iliyokunjika mara nne, akaiweka juu ya mkeka. "Hicho ni kianzio," akasema. "Nyingine nitamalizia."

Hajamalizia mpaka leo, na mimi sijamdai. Lakini ile elfu mbili sijaitumia.